Leibniz: Mwanasheria aliyeota mashine ya kufikiri

WANAODHANI kuwa akili unde ni suala la wahandisi pekee, na kwamba kiongozi hana haja ya kulielewa, wangefaa kumkumbuka Gottfried Wilhelm Leibniz. Msingi wa kompyuta uliwekwa kwa sehemu kubwa na mwanasheria huyu aliyeajiriwa kutunza maktaba.

Alizaliwa Leipzig, Ujerumani, mwaka wa 1646. Babake, profesa wa maadili, alifariki mwanawe akiwa na miaka sita, naye akakulia miongoni mwa vitabu vya marehemu. Alipotimu miaka 20, chuo kikuu cha mji huo kilikataa kumpa shahada ya uzamifu katika sheria. Akaenda kuitwaa Altdorf.

Mnamo 1672 alitumwa Paris kwa shughuli za kidiplomasia. Huko ndiko alikozama katika hisabati. Mwaka uliofuata aliwaonyesha wanasayansi wa London mashine ya kukokotoa, ingawa haikuwa imekamilika.

Kuanzia 1676 aliwatumikia watawala wa Hanover. Alijitolea kuondoa maji katika migodi ya fedha ya milima ya Harz kwa nguvu za upepo. Mafundi wa migodini walimpinga, upepo nao haukutosha, na mwaka wa 1685 mradi ukavunjwa. Si haki kumcheka. Mawe aliyoyaona huko yalimfanya aandike kitabu kuhusu historia ya dunia, kilichochapishwa mnamo 1749, miaka mingi baada ya kifo chake.

Mnamo 1703 alichapisha maelezo ya hesabu inayotumia 0 na 1 pekee, akiihusisha na michoro ya kale ya Wachina aliyoifahamu kupitia barua za mmishenari. Kompyuta zote za kawaida leo hutumia tarakimu hizo mbili. Aliota pia kwamba siku moja mabishano ya wanadamu yangeamuliwa kwa hesabu. Sasa zipo programu zinazoamua nani apewe mkopo, na mara nyingi wanaozinunua hawajui zinavyopima.

Mwajiri wake alipotawazwa mfalme wa Uingereza mwaka wa 1714, alimwacha Hanover na kumwamuru kwanza akamilishe historia ya ukoo wa kifalme, kazi aliyopewa tangu 1685. Leibniz alifariki Novemba 14, 1716. Historia hiyo ilikuwa imefika mwaka wa 1005.