Puran Singh: Fundi wa Kericho na sahani isiyouliza dini

Ukipita mjini Kericho hutakosa kuliona lile hekalu kubwa la Masingasinga, au Kalasinga kama tunavyosema mtaani. Vua viatu, funika kichwa, ingia. Utaketi chini na yeyote utakayemkuta, uletewe chapati, dengu na chai, na hakuna atakayekuuliza kabila, dini wala pesa. Wengi wamepiga picha hapo bila kumjua mzee aliyefanya lijengwe.

Ni Puran Singh. Alizaliwa India mwaka 1898, akafika Kenya 1916 akiwa bado kijana. Hakuja kuhubiri. Kazi yake ilikuwa karakana, na miaka mingi aliimaliza Kericho Wagon Works, wakati ambapo Brooke Bond na James Finlay walikuwa wakigeuza vilima vya Wakipsigis kuwa mashamba ya chai. Mchana nyundo, jioni maandiko.

Na hayo maandiko ndiyo yenye mambo. Guru Granth Sahib ina kurasa 1,430, na wafuasi wake walizoea kuisoma kwa zamu, usiku na mchana bila kukatiza, kwa saa kama 48. Sasa, ndani yake kumo beti zaidi ya 100 za Sheikh Farid, Msufi Muislamu wa Punjab aliyefariki miaka 200 hivi kabla Guru Nanak hajazaliwa. Nanak mwenyewe alizunguka nchi nyingi na Mardana, mwanamuziki Muislamu. Kumbe fundi wetu, kila alipoabudu, alikuwa akimsikiliza shehe! Hayo ni mazungumzo ya dini mbalimbali ya kweli kuliko ile mikutano ya hotelini inayoisha posho zikigawanywa.

Lakini tusimfanye malaika wa kumaliza kila shida. Kericho ya mkoloni iligawanywa kwa rangi: Mzungu juu, Muhindi katikati, mwenye ardhi chini. Mwaka 1934 ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, na kilio chao cha ardhi kipo hadi leo. Sahani ya dengu haikurudisha shamba la mtu. Na uchaguzi wa 2007 ulipovurugika, wafanyakazi wa jamii nyingine walishambuliwa humo humo katika mashamba ya chai.

Miaka ya 1970 mzee alihamia Birmingham, Uingereza, akaanzisha Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha. Nishkam ni kutumikia bila kungoja malipo. Huko hadi leo wanamwita Kerichowale, yaani yule wa Kericho. Mji wetu ukawa jina la mtakatifu ng'ambo, na sisi hata habari hatuna. Alifariki 1983.

Waliobaki waliendelea kupika. Mwaka 2004 viongozi wa dini za dunia walipokutana Barcelona, ni kundi lake lililowalisha maelfu bure, Waislamu, Wakristo na Wayahudi wakiwa chini pamoja. Birmingham kukafunguliwa shule zenye jina Nishkam, zinazopokea watoto wa dini zote.

Kericho nako, palipokuwa na karakana ndipo lilipo hekalu. Na mjini kuna chuo chenye jina lake, Nishkam Saint Puran Singh Institute. Kinafundisha vijana ufundi.