Oscar Baumann: Mchora ramani aliyefika Kua mji ukiwa umekwisha kufa

Na Mwandishi Wetu

KATIKA kisiwa cha Juani, kusini mashariki mwa Mafia, zimesimama kuta za mawe ya matumbawe zilizoshikwa na mizizi ya miti mikubwa. Hayo ndiyo magofu ya Kua, mji wa Waswahili uliokuwa na misikiti, makaburi ya kifahari na jumba la watawala, na ambao haukai mtu tangu mwanzoni mwa karne ya 19.

Mwaka 1895 alifika katika visiwa hivyo Mzungu mmoja mwenye umri wa miaka 30 hivi. Hakuja kununua shamba, wala kuhubiri dini, wala kutawala. Alikuja kupima. Jina lake lilikuwa Oscar Baumann, raia wa Austria.

Katika historia ya ukoloni wa Kijerumani tumezoea kuwataja Carl Peters na Hermann von Wissmann, na Baumann hutajwa mara chache. Hata hivyo, anayetaka kujua jinsi kuhamia kwa Wazungu kulivyoibadili jamii ya nchi hii atafunzwa mengi na maisha yake mafupi. Mlowezi hakutangulia. Ilitangulia ramani, ikafuata sheria, kisha ndipo mwenye shamba akaja na jembe la kukodi.

Baumann alizaliwa mjini Vienna Juni 25, 1864. Alijifunza upimaji katika taasisi ya jiografia ya jeshi la nchi yake, na akiwa bado kijana sana alikwenda kuichunguza milima ya Montenegro.

Mwaka 1885 alijiunga na msafara wa Oskar Lenz uliopanda mto Kongo hadi maporomoko ya Stanley, karibu na ulipo mji wa Kisangani. Maradhi yalimlazimu kurudi nyuma, lakini njiani alikaa katika kisiwa cha Fernando Po na kuandika kitabu juu ya wenyeji wake, Wabubi.

Afrika Mashariki alifika mwaka 1888, akifuatana na Hans Meyer, tajiri wa Leipzig aliyetamani kufika kileleni Kilimanjaro. Walichagua wakati mbaya. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa imeanza kuuchukua utawala wa pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, na watu wa mrima wakaghadhibika. Abushiri bin Salim akawa kiongozi wa vita vilivyozuka Pangani na kuenea pwani nzima.

Wasafiri hao wawili walikamatwa walipokuwa wakirudi kutoka Usambara, wakafungwa minyororo, na wakaachiwa baada ya kutolewa fidia kubwa ya fedha. Meyer alirudi mwaka uliofuata na kufika kileleni. Abushiri alinyongwa na Wajerumani huko Pangani Desemba 1889.

Baumann naye alirudi. Mwaka 1890 alikuwa tena Usambara, safari hii akiitumikia kampuni ileile iliyosababisha vita. Alipima milima, mabonde na mito, akaandika ni wapi pana maji, wapi pana rutuba na wapi reli ingeweza kupita. Kitabu chake juu ya Usambara kilichapishwa mwaka 1891.

Yaliyofuata yanajulikana. Mashamba ya kahawa yalifunguliwa Usambara Mashariki. Mwaka 1893 mkonge uliingizwa nchini na Richard Hindorf, na mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga, ukafika Mombo mwaka 1905. Amani ikawa kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902.

Novemba 26, 1895 ilitolewa amri ya Kaizari iliyotangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola. Kwa Msambaa aliyeacha konde lake lipumzike misimu kadhaa, ardhi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Kwa afisa aliyetazama ramani, palikuwa mahali patupu.

Wazungu wenyewe hawakuwa wengi. Kufikia mwaka 1913 walikuwa zaidi kidogo ya 5,000 katika nchi yenye mamilioni ya watu. Lakini uchache huo haukuwazuia kupanga ngazi za jamii upya. Mzungu alihukumiwa kwa sheria za Ujerumani, na Mwafrika alichapwa kiboko. Kodi iliyoanza kutozwa mwaka 1898 iliwasukuma watu kutafuta fedha, na fedha zilikuwa mashambani mwa walowezi.

Hata lugha yetu ilipokea alama. Neno shule ni la Kijerumani, na hela imetokana na sarafu ya Heller iliyoingizwa mwanzoni mwa karne ya 20. Wajerumani nao waliihitaji lugha ya pwani, wakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya maakida, makarani na walimu, hata kikapenya bara kuliko kabla yao.

Safari iliyompa Baumann sifa kubwa ilianza Tanga mapema mwaka 1892. Iligharimiwa na kamati ya Kijerumani ya kupinga biashara ya watumwa, iliyokusanya fedha kwa bahati nasibu. Machi 18 mwaka huo akawa Mzungu wa kwanza kuifikia kreta ya Ngorongoro. Alipita Manyara, Eyasi na Serengeti, akafika Ziwa Victoria, kisha akaingia Rwanda na Burundi akitafuta chanzo cha mto Nile.

Huko Umasaini alikuta msiba. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe, na Wamasai walikuwa wakifa kwa njaa na maradhi. Maandishi yake juu ya watu waliobaki mifupa na ngozi yamebaki kuwa ushahidi mkubwa wa maafa hayo. Nchi aliyoiandika ikiwa na watu wachache ilikuwa imepoteza watu wake juzi tu.

Wala hakuwa msafiri wa amani. Msafara wake uliokuwa na askari wenye bunduki ulipambana na wenyeji mara kadhaa, na damu ikamwagika.

Baada ya safari hiyo ndipo akavielekea visiwa. Mwaka 1895 alianza uchunguzi wa visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba. Cha kwanza kuandikiwa kitabu kilikuwa Mafia, kilichotolewa Leipzig mwaka 1896.

Mafia ya wakati huo ilikuwa na historia ya pekee. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikuwa wamekubali kwamba ni milki ya Sultani pamoja na Unguja, Pemba na Lamu. Miaka minne baadaye, katika mapatano ya mwaka 1890, Mafia ilitengwa na Unguja na Pemba na kuwekwa chini ya Ujerumani, pamoja na mwambao ambao Sultani alilipwa marki milioni nne. Wakazi wake hawakuulizwa.

Makao ya utawala yalikuwa Chole, kisiwa kidogo kinachotazamana na Juani. Mji huo ulikuwa umestawi baada ya Kua kuanguka, na minazi ya Mafia ilikuwa mali ya matajiri wa Kiarabu na Kiswahili, ikihudumiwa na watumwa waliotoka bara.

Baumann aliandika pia habari za magofu ya kale. Mji wa Kua ulikuwa umevamiwa mwanzoni mwa karne hiyo na Wasakalava waliokuja kwa mitumbwi kutoka Madagaska, wakaua watu na kuchukua mateka. Wenyeji walisimulia pia kisasi cha kale kati ya Kua na Kisimani, cha jahazi lililoshushwa juu ya miili ya watoto na harusi iliyogeuka kaburi.

Lakini uvamizi huo nao haukuwa mbali na mambo ya Wazungu. Katika karne ya 18 walowezi wa Kifaransa waliokuwa wamehamia visiwa vya Mauritius na Reunion walihitaji watumwa kwa mashamba yao. Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa mwaka 1776 ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Bei ya binadamu ikapanda katika bahari yote iliyo kati ya Kilwa na Madagaska, na Mafia imo katikati yake.

Kwa hiyo Baumann alipozitazama kuta za Kua, alitazama mji uliokufa katika bahari ambayo kuhama kwa Wazungu kulikuwa kumekwisha kuichafua, kabla hata bendera ya Ujerumani haijapandishwa Chole.

Hapa ndipo penye doa kubwa. Fedha zilizompeleka Umasaini zilichangwa kwa jina la kuwakomboa watumwa. Hata hivyo, utawala aliousaidia kwa kalamu yake haukuufuta utumwa. Ulichofanya ni kuamuru kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Mtumwa wa shamba la minazi huko Mafia alisubiri mpaka mwaka 1922, Waingereza walipoufuta utumwa Tanganyika.

Mwaka 1896 Baumann aliteuliwa kuwa balozi mdogo wa Austria na Hungaria huko Zanzibar. Hakudumu. Maradhi yalimrudisha kwao, na Oktoba 12, 1899 alifariki dunia mjini Vienna akiwa na umri wa miaka 35 tu. Kitabu chake juu ya Pemba kilitoka mwaka huohuo. Vitu vingi alivyovikusanya Afrika vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Vienna.

Utawala wa Kijerumani Mafia haukukaa sana baada yake. Mwaka 1913 makao yalihamishiwa Kilindoni, na Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, wakaitumia kuiwinda manowari ya Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji.

Bendera zote hizo zimeteremshwa. Kilichobaki ni mipaka iliyochorwa: Mafia imo katika Mkoa wa Pwani na haimo Zanzibar kwa sababu ya kalamu za mwaka 1890. Baumann hakuwa mkatili kupita wenziwe, na bila yeye tungejua machache zaidi juu ya Mafia ya wakati ule. Lakini maarifa aliyoyakusanya kwa wenyeji hayakuandikwa kwa ajili yao, wala kwa lugha yao. Wenye Chole na Juani walisimulia, na waliosoma walikuwa Leipzig.