Taaitta Toweett: Msomi wa Buret aliyeshuhudia kura iliyonyimwa raia

MSAFIRI anayetoka Kericho kupitia Litein hadi Bomet hupita katikati ya vilima vilivyofunikwa na majanichai pande zote mbili za barabara. Upande mmoja ni mashamba makubwa yaliyoanzishwa na kampuni za kigeni katikati ya miaka ya 1920, upande wa pili ni vishamba vya wakulima wadogo wanaopeleka magunia yao kwenye vituo vya kununulia chai. Katika ardhi hii ndiko alikotoka Dkt Taaitta Toweett, mwanasiasa, mwanaisimu na waziri wa zamani, aliyefariki Oktoba 2007 katika ajali ya barabarani akiwa na umri wa miaka 82.

Wengi wa kizazi cha sasa humkumbuka marehemu kwa ucheshi wake na kwa jinsi alivyopenda kuandika jina lake kwa herufi zilizorudiwa. Wachache hukumbuka kwamba alikuwa miongoni mwa viongozi walioketi London kuijadili katiba ya kwanza ya Kenya huru. Wachache zaidi hukumbuka kwamba katiba hiyo ilikuwa na nafasi ya kura ya maamuzi, na kwamba raia hawakuwahi kuulizwa lolote kabla ya katiba hiyo kubomolewa.

Maisha ya Toweett yanastahili kusimuliwa upya kwa sababu hiyo. Tangu mwaka wa 2010, Mkenya wa kawaida ana haki ya kuanzisha mageuzi ya katiba kwa kukusanya saini za wapigakura wenzake. Haki hiyo imetetewa na mashirika ya kijamii mahakamani na nje ya mahakama. Ili kuelewa thamani yake, sharti turejee enzi ambazo haikuwepo.

Toweett alizaliwa mwaka wa 1925 katika jamii ya Wakipsigis. Utotoni mwake ardhi nyingi iliyo bora katika eneo la Kericho ilikuwa tayari mikononi mwa walowezi na kampuni za chai. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuuhamisha ukoo wa Talai, uliokuwa na mamlaka ya kiroho miongoni mwa Wakipsigis. Mamia ya watu, wakiwemo wanawake na watoto, walipelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria, nyika iliyojulikana kwa mbung'o na malaria. Sheria ile ya 1934 ilipitishwa Nairobi, katika baraza ambalo halikuwa na Mwafrika hata mmoja.

Mtoto aliyekulia katika mazingira hayo alijifunza mapema kwamba sheria huweza kumwangukia mtu kama radi, asijue imetoka wapi wala aiulize nani. Elimu ikawa njia yake ya kutafuta majibu. Alisomea Shule ya Upili ya Alliance, akaenda Makerere nchini Uganda, kisha akapata mafunzo ya usimamizi wa umma huko Torquay, Uingereza. Aliporejea alihariri jarida la lugha ya Kikipsigis, kazi iliyomwezesha kuzungumza na watu wa kwao kwa lugha waliyoielewa.

Mwaka wa 1957 Waafrika wanane walichaguliwa kwa mara ya kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka uliofuata viti sita zaidi viliongezwa, na Toweett akatwaa kimojawapo. Hivyo basi, akiwa na umri wa miaka 33, aliingia katika jumba ambalo miaka 24 awali lilikuwa limeamua hatima ya ukoo wa Talai bila kumsikiliza yeyote.

Mapema mwaka wa 1960 alikuwa miongoni mwa wajumbe Waafrika waliohudhuria kongamano la kwanza la katiba katika jumba la Lancaster, London. Waliporejea nyumbani, swali kuu lilikuwa ni nani angerithi mamlaka kutoka kwa mkoloni. Chama cha KANU, kilichoundwa Mei mwaka huo, kilikuwa na uungwaji mkono mkubwa miongoni mwa jamii zenye watu wengi. Jamii ndogo ziliingiwa na hofu ya kumezwa.

Toweett aliongoza Muungano wa Kisiasa wa Wakalenjin, kikundi kilichonuia kuzipa jamii za Bonde la Ufa sauti moja. Mnamo Juni 1960, viongozi wa kikundi hicho walikutana mjini Ngong na wenzao wa Pwani, wa Umaasai, wa Magharibi na wa Kisomali, wakaunda chama cha KADU. Ronald Ngala akawa kiongozi wake, huku Masinde Muliro, Daniel arap Moi na Toweett wakiwa miongoni mwa vigogo wake. KADU ilipounda serikali ya mpito mwaka wa 1961, Toweett alikuwa waziri, na kwa muda alisimamia masuala ya kazi na nyumba.

Sera kuu ya KADU ilikuwa majimbo. Kila jimbo lingekuwa na bunge lake, na mamlaka juu ya ardhi na huduma za karibu na wananchi yangekaa huko. Sera hiyo ilikuwa na kasoro zake. Baadhi ya walowezi Wazungu waliiunga mkono wakitumaini kwamba ingewalinda wao na mashamba yao. Pia wapo waliohofia kwamba jimbo lingegeuzwa kuwa milki ya kabila moja na wengine wote kuitwa wageni. Yaliyotokea Bonde la Ufa miaka ya 1990, pale wito wa majimbo ulipoambatana na umwagaji damu na watu kufurushwa makwao, yalionyesha kwamba hofu hiyo haikuwa ya bure.

Hata hivyo, chini ya mjadala wa majimbo kulikuwa na hoja nyingine iliyokuwa nzito zaidi. KADU ilitaka katiba yenye kufuli, isiyoweza kubadilishwa kirahisi na chama kitakachoshinda uchaguzi. Katika kongamano la pili la Lancaster mwaka wa 1962 na mazungumzo yaliyofuata, kufuli hiyo ilipatikana. Mabadiliko ya katiba yalihitaji robo tatu ya wabunge, na kwa masuala nyeti kama haki za majimbo, yalihitaji asilimia 90 ya kura katika Seneti.

KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963, na kabla ya uhuru masharti hayo yakajadiliwa upya London. Njia nyingine iliongezwa. Mswada ambao ungekosa kura zinazohitajika Bungeni uliweza kupelekwa kwa wananchi katika kura ya maamuzi, ambapo thuluthi mbili ya kura ingetosha kuupitisha.

Kwa maandishi, huo ulikuwa ushindi wa raia. Lakini Waswahili hutofautisha kati ya aliyeshika mpini na aliyeshika makali. Mwenye uwezo wa kuanzisha kura hiyo alikuwa serikali. Mkulima wa Buret au mchuma chai wa Kericho hakuwa na njia yoyote ya kuandika pendekezo lake, kulikusanyia saini na kulidai lipigiwe kura. Yeye alisubiri kuitwa.

Na hakuitwa. Mwaka wa 1964 serikali ya Jomo Kenyatta iliamua kuigeuza Kenya kuwa jamhuri na kuondoa mamlaka ya majimbo. Ilitangaza kwamba iwapo Seneti ingeukataa mswada huo, ingekwenda moja kwa moja kwa wananchi. Kura ya maamuzi ikageuka kuwa kitisho mikononi mwa watawala. Wabunge na maseneta wa upinzani walikuwa wakihamia KANU mmoja baada ya mwingine, na mnamo Novemba 10, 1964, KADU ikavunjwa kwa hiari ya viongozi wake. Mswada ukapita, na Kenya ikawa jamhuri Desemba 12 mwaka huo.

Kwa Toweett, chama alichosaidia kukiunda miaka minne tu awali kilikuwa kimekufa. Kufuli waliyoitafuta kwa miaka mingi ilifunguliwa kwa makubaliano ya viongozi, na pande zote mbili zikaupata umoja wa taifa kuwa ni sababu tosha. Wapigakura waliowachagua wajumbe wa KADU ili wailinde katiba hiyo walipashwa habari baada ya mambo kuisha. Kufikia mwisho wa 1966 hata Seneti yenyewe haikuwepo tena.

Toweett aliendelea na siasa ndani ya KANU. Aliwakilisha Buret Bungeni na katika miaka ya 1970 akawa waziri, akishika Wizara ya Elimu. Mwaka wa 1976, Nairobi ilipoandaa Kongamano Kuu la 19 la UNESCO, la kwanza la aina hiyo kufanyika Afrika kusini mwa Sahara, Toweett ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wake. Kijana wa vilima vya chai akawa ameketi mbele ya wajumbe wa mataifa ya dunia nzima.

Akiwa amepita umri wa miaka 50 na akiwa na majukumu ya uwaziri, alikamilisha shahada ya uzamifu katika isimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Utafiti wake juu ya lugha za Kikalenjin ulichapishwa mwaka wa 1979, na pia alikusanya historia simulizi ya Wakipsigis. Mwaka huo huo wapigakura wa Buret walimwondoa Bungeni. Huenda ndiyo kura iliyomuuma zaidi maishani, lakini ilikuwa yao.

Aliishi vya kutosha kuona swali la 1964 likirudi. Mnamo Machi 2004, katika kesi iliyowasilishwa na Kasisi Timothy Njoya na wenzake, Mahakama Kuu iliamua kwamba mamlaka ya kutunga katiba ni ya wananchi wenyewe, na kwamba katiba mpya sharti iidhinishwe nao katika kura ya maamuzi. Novemba 21, 2005, zaidi ya miaka 40 baada ya uhuru, Wakenya walipiga kura hiyo kwa mara ya kwanza. Walikuwa wakichagua kati ya Ndizi na Chungwa, na Chungwa likashinda. Bonde la Ufa liliikataa katiba iliyopendekezwa kwa kura nyingi. Chini ya miaka miwili baadaye, Toweett alifariki.

Katiba iliyopitishwa Agosti 4, 2010, ilitimiza mengi kati ya yale ambayo kizazi chake kiliyatafuta. Mamlaka yaligawanywa kwa kaunti 47, Kericho na Bomet zikiwa miongoni mwake, na Seneti ikarejea. La kushangaza ni kwamba maeneo haya mawili yalikuwa miongoni mwa yale yaliyopiga kura ya kuipinga.

Jambo ambalo hata KADU haikuwahi kulipata limo katika Kipengele cha 257. Raia yeyote anaweza kuanzisha mageuzi ya katiba akipata saini za wapigakura milioni moja waliosajiliwa. Tume ya uchaguzi huthibitisha saini hizo, mabunge ya kaunti hujadili mswada, na angalau kaunti 24 zikiukubali unapelekwa katika Bunge la kitaifa. Masuala mazito sharti yaamuliwe na wananchi debeni. Mpini sasa umo mikononi mwa mpigakura.

Haikuchukua muda kabla ya eneo la chai kuujaribu mpini huo. Mwaka wa 2014, Isaac Ruto, gavana wa kwanza wa Bomet aliyekuwa pia mwenyekiti wa Baraza la Magavana, aliongoza kampeni ya Pesa Mashinani iliyotaka mgao wa kaunti uongezwe hadi asilimia 45 ya mapato ya taifa. Haikufika debeni. Okoa Kenya ya muungano wa CORD iliangushwa mwaka wa 2016 kwa kukosa saini halali za kutosha. Punguza Mizigo ya chama cha Thirdway Alliance ilifikisha saini mwaka wa 2019, lakini mabunge mengi ya kaunti yakaikataa.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja na Mpango wa Maridhiano, BBI. Mswada wake ulipata saini zaidi ya milioni moja na kupitishwa na kaunti nyingi. Hapo ndipo wanaharakati na mashirika ya kijamii, likiwemo vuguvugu la Linda Katiba, walipouliza swali ambalo halikuulizwa 1964: je, mageuzi yanayoanzishwa na kiongozi wa nchi yanaweza kuitwa ya raia? Mahakama Kuu ilijibu Mei 2021 kwamba haiwezekani, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Agosti mwaka huo, na Machi 31, 2022, Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi kwamba Rais hawezi kuanzisha mageuzi ya katiba kupitia njia iliyotengewa raia.

Waliokuwa wakiunga mkono BBI walilalamika kwamba mahakama ziliwanyima wananchi nafasi ya kupiga kura. Lalamiko hilo lina uzito wake, kwa kuwa mamilioni ya watu walikuwa tayari kwenda debeni. Lakini historia ya Toweett na wenzake inaonyesha upande wa pili. Kura ya maamuzi inayoanzishwa na mtawala hutumika anapotaka na husahaulika asipoihitaji. Mwaka wa 1964 ilitumika kama kitisho, kisha ikawekwa kando kitisho kilipofaulu.

Marehemu hakuwa malaika. Alibadili misimamo kama wanasiasa wengi wa enzi yake, na majimbo aliyoyapigania yangeweza kuwaumiza wengi. Lakini alizaliwa katika nchi ambamo sheria ilimwangukia mtu bila kuulizwa, na akafariki miaka mitatu tu kabla ya nchi hiyo kumpa mchuma chai wa Kericho haki ya kuandika sheria kuu kwa kalamu yake mwenyewe. Haki hiyo bado haijazaa hata badiliko moja. Ni jukumu la walio hai kuilinda, kuitumia kwa busara, na kuhakikisha kwamba hakuna mkubwa anayeipokonya kwa kisingizio cha kuwasaidia wadogo.