John Akii-Bua: polisi wa Uganda aliyefanya mazoezi akiwa amebeba mzigo

Tarehe 2 Septemba 1972, katika uwanja wa Olimpiki mjini Munich, Ujerumani Magharibi, askari polisi kutoka Uganda alisimama kwenye njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, akingoja mlio wa bastola. Warukaji viunzi hawaipendi njia hiyo. Kona yake ni kali kuliko za njia nyingine zote, na mkimbiaji mrefu mwenye hatua pana hulazimika kupigana nayo huku akitafuta mahali pa kurukia. John Akii-Bua alikuwa na urefu wa takriban mita 1.88.

Sekunde 47.82 baadaye alikuwa amekwisha kuvuka mstari wa mwisho. Hakuna binadamu aliyewahi kumaliza mita 400 za kuruka viunzi chini ya sekunde 48 kabla yake. Ralph Mann wa Marekani alikuwa wa pili, na Mwingereza David Hemery, bingwa wa mwaka 1968 na mwenye rekodi ya dunia hadi siku ile, akawa wa tatu. Uganda ilipata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki.

Tangu hapo ushindi huo umesimuliwa mara nyingi kana kwamba ulishuka kutoka mbinguni: kijana mchunga ng'ombe, aliyezaliwa na mbio miguuni, akaenda Ulaya na kuwashangaza wakubwa. Simulizi hiyo inapendeza, lakini inamnyima marehemu haki yake. Kipaji alikuwa nacho, hilo halina ubishi. Ila nguvu iliyomfikisha kwenye kiunzi cha kumi akiwa bado na pumzi aliijenga mwenyewe, kwa mateso aliyoyachagua.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake kadhaa, na watoto wa nyumba hiyo walifikia 43. Lango ni nchi ya ulezi, ufuta, mbaazi na mifugo, na utotoni John alichunga ng'ombe wa baba yake. Chifu alipofariki, kijana huyo hakuendelea na masomo. Alifanya kazi kwa muda katika baa ya ndugu yake, kisha akaenda Kampala kujiunga na jeshi la polisi.

Ni polisi ndiko alikokutana na Jerom Ochana, ofisa aliyekuwa ameiwakilisha Uganda katika mbio hizo hizo za viunzi. Ochana alimfundisha kuruka kwa kuinama, kichwa kikiwa chini, kwa sababu kila sentimita ya kupaa bure ni muda unaopotea. Mwaka 1968 akawasili kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, aliyeajiriwa kuwanoa wanariadha wa taifa. Akii-Bua wakati huo alikuwa akikimbia mita 110 za viunzi. Arnold alimhamishia kwenye mita 400, na kijana huyo hakufurahia hata kidogo. Mwaka 1970 alishika nafasi ya nne katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh. Mwaka uliofuata, huko Durham, Marekani, alikimbia kwa sekunde 49.0, muda bora kuliko wote duniani mwaka huo.

Kilichofuata ndicho kinachostahili kuelezwa kwa kituo. Katika maandalizi ya Munich, Akii-Bua alivaa kizibao kilichoshonewa vipande vya madini ya risasi, uzito wake ukikaribia kilo 11. Akiwa na mzigo huo alikimbia mita 1,500, si mita 400, huku akiruka viunzi njiani. Na viunzi vyenyewe havikuwa vile vya mbio zake, ambavyo vina kimo cha sentimita 91. Vilikuwa vile vya mita 110, vyenye sentimita 107. Akimaliza mzunguko mmoja alipumzika kidogo, akarudia tena, na tena. Mazoezi yalikuwa mara mbili kwa siku.

Hesabu ya Arnold haikuwa ya kubahatisha. Mbio hizi zina viunzi kumi, kila kimoja kikiwa mita 35 kutoka kwa mwenzake, na wengi hushindwa baada ya kiunzi cha sita au cha saba, pale mapaja yanapojaa uchovu na hatua kuanza kufupika. Mtu aliyezoea kujiinua juu zaidi, akiwa mzito zaidi, kwa umbali mrefu zaidi, akivuliwa kizibao siku ya fainali huiona njia imekuwa tambarare. Tena Akii-Bua alijizoeza kuruka kwa kutanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Hivyo hatua zilipobadilika kwa uchovu, hakulazimika kudonoadonoa mbele ya kiunzi akitafuta mguu wake.

Mwili unaotumikishwa namna hiyo hauendeshwi kwa moyo wa ujasiri peke yake. Wanga wa ugali, ndizi au viazi huhifadhiwa katika misuli kama akiba, na mazoezi makali ya asubuhi huikomba akiba hiyo. Asipokula vya kutosha kabla ya zoezi la jioni, mkimbiaji huanza kulipa kwa nyama ya mwili wake mwenyewe. Maharage, maziwa, samaki na nyama navyo hukarabati misuli iliyochanika chini ya mzigo, na ukarabati huo hufanyika zaidi mtu akiwa amelala. Vijana wetu wengi leo wanakazana na vyuma huku wakijinyima chakula ili waonekane wembamba, na kisha wanashangaa kwamba nguvu haiji.

Baada ya Munich, Idi Amin alimpandisha cheo, akampa nyumba, na barabara moja mjini Kampala ikaitwa kwa jina lake. Mnamo Januari 1973 alishinda tena katika Michezo ya Afrika mjini Lagos. Lakini yeye alikuwa Mlango, kabila la Milton Obote aliyepinduliwa mwaka 1971, na Walango walikuwa wakiuawa. Baadhi ya ndugu zake mwenyewe waliangamia. Medali ilimlinda, na pia ilimfunga, kwa maana utawala haukutaka bingwa wake aondoke.

Mwaka 1976 dunia ilitarajia kumwona akipambana na Mmarekani Edwin Moses mjini Montreal. Uganda ikajiunga na nchi za Afrika zilizosusia michezo hiyo, na Moses akashinda bila yeye, kwa sekunde 47.63, akiifuta rekodi ya Munich.

Amin alipoanguka mwaka 1979, Akii-Bua alikimbilia Kenya pamoja na familia yake. Mkewe Joyce alijifungua kabla ya wakati katika safari hiyo, na mtoto hakuishi. Bingwa wa Olimpiki akawa mkimbizi kambini, hadi kampuni ya viatu ya Puma ilipomsaidia kufika Ujerumani na kumpa kazi. Mwaka 1980 alishiriki Olimpiki ya Moscow akiwa na miaka 30, na safari yake ikaishia nusu fainali. Waliomhukumu kuwa amezeeka walihesabu miaka tu. Hawakuhesabu misimu iliyopita bila utulivu, bila ratiba na bila usingizi wa amani, mambo ambayo mwili uliojengwa kwa kizibao cha risasi unayahitaji sawasawa na chakula.

Alirejea nyumbani miaka ya mwanzo ya 1980 na kuwafundisha wanariadha wa polisi. Arnold kwa upande wake aliendelea na ukocha Uingereza, na mwaka 1993 mwanafunzi wake Colin Jackson aliweka rekodi ya dunia ya mita 110 za viunzi. Akii-Bua alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47, mkewe akiwa amemtangulia. Aliacha watoto 11, na serikali ikamzika kwa heshima za kitaifa.

Uganda ilisubiri miaka 40 kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki, ile ya Stephen Kiprotich katika marathoni ya London mwaka 2012. Katika mita 400 za viunzi, rekodi ya taifa hilo bado ni 47.82.