Mshairi wa Dameski Aliyetetea Picha

Msafiri ateremkaye Bonde la Ufa kwa barabara ya zamani ya kwenda Naivasha na Nakuru hulikuta kanisa dogo la mawe kando ya njia, karibu na Mai Mahiu. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitalia waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo, nao wakalipamba kwa michoro mitakatifu. Lakini juu kwenye ukingo huo huo, huko Kijabe, wamishonari wa Africa Inland Mission walipiga kambi mwaka 1903, na desturi yao ni kuta tupu, neno lenyewe litoshe.

Wote ni Wakristo. Mbona basi watofautiane hivyo? Mimi niliyesomeshwa chuoni, ambako sura za viumbe hazina nafasi, nalipenda swali hili, kwani jibu lake latoka Dameski, mji wa Makhalifa.

Huko ndiko alikozaliwa Yohana, yapata mwaka 675, Mkristo wa ukoo wa Mansur. Baba yake, Sarjun, alishika hesabu za hazina za Khalifa Abdul-Malik, yule aliyeondoa sura za watu katika dinari akaweka maandishi. Yohana naye alihudumu serikalini, kisha akayaacha yote, akaingia utawani Mar Saba, karibu na Baitul-Muqaddas. Akawa padri na mtunzi wa nyimbo za ibada.

Kaisari Leo wa Tatu wa Konstantinopoli alipoanza kupiga vita picha makanisani, Yohana alishika kalamu akaandika risala tatu. Hoja yake ni hii: Mungu asiyeonekana hachoreki, lakini kwa imani ya Wakristo alivaa mwili, na mwili huchoreka. Ibada ni ya Mungu peke yake. Picha hupewa heshima tu, nayo humwendea aliyechorwa. Tena picha ni kitabu cha asiyejua kusoma.

La kustaajabisha ni kwamba aliweza kumpinga Kaisari wa Kikristo kwa kuwa aliishi katika dola ya Kiislamu, mkono wa Kaisari usimfikie. Alikufa yapata mwaka 749. Mwaka 754 maaskofu wa Kaisari walimlaani. Mwaka 787 Mtaguso wa Nikea ukamrudishia jina lake.

Naam, msomaji, wenye kuta tupu huchelea mja asije akaabudu kiumbe. Yohana naye alilichelea hilo hilo. Walichotofautiana ni dawa.