Grantland Rice: Mtangazaji Aliyebeba Mzigo wa Rafiki

Ndugu zangu wa shule moja, katika utumishi wangu serikalini nimeona fedha zikivunja urafiki mwingi. Kwa hiyo safari hii nimependa kuwaeleza habari za Grantland Rice, mwandishi wa michezo wa Marekani.

Alizaliwa Murfreesboro, Tennessee, mwaka 1880. Katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, alikohitimu mwaka 1901, alikuwa nahodha wa timu ya besiboli. Akaingia magazetini, na makala zake zikasomwa nchi nzima. Oktoba 1922 alitangaza redioni fainali za besiboli kutoka kiwanja cha Polo Grounds, New York, wakati redio ilikuwa bado ngeni kwa watu wengi.

Lakini mimi namkumbuka kwa jambo jingine. Alipokwenda kwenye Vita Kuu ya Kwanza, aliacha akiba yake yote, kama dola 75,000, mikononi mwa rafiki. Aliporudi alikuta fedha zimepotea katika biashara mbovu na rafiki amejiua. Rice hakumlaani marehemu. Alijilaumu mwenyewe kwa kumwekea mwenziwe kishawishi kikubwa vile, akampelekea mjane fedha kila mwezi kwa miaka ipatayo 30.

Shairi lake mashuhuri la mwaka 1908 lilihusu mwanafunzi wa zamani, nalo lilisifu uchezaji mwema kuliko ushindi. Kuandika hivyo ni rahisi. Yeye aliligharimia neno lake hadi uzeeni. Alifariki New York mwaka 1954.

Tunapokabidhiana michango ya mkutano wetu, tumkumbuke.