Roosevelt na Dhamana ya Nyumba ya Askari

Franklin Delano Roosevelt, Rais wa 32 wa Marekani, hakupata kuhangaika kutafuta nyumba yake ya kwanza. Alizaliwa tarehe 30 Januari, 1882, katika jumba la baba yake huko Hyde Park, kando ya mto Hudson, jimbo la New York, akiwa mtoto wa pekee wa mama yake, Bibi Sara. Alipomwoa Eleanor mwaka 1905, mama huyo alikusudia kuwajengea nyumba mjini New York, pacha na nyumba yake mwenyewe, zikiwa na milango ya kupitia kutoka moja hadi nyingine. Wakahamia humo mwaka 1908. Hivyo mtu ambaye hakupata kugongewa mlango na mdai kodi ndiye aliyekuja kutia sahihi sheria iliyowapatia mamilioni ya askari nyumba zao wenyewe.

Tangu mwaka 1913 hadi 1920 alikuwa msaidizi wa Waziri wa Jeshi la Majini, na mwaka 1918 alizuru medani za vita huko Ufaransa. Hata hivyo hakupata kuvaa sare. Mwezi Agosti, 1921, akiwa na umri wa miaka 39, alishikwa na ugonjwa wa kupooza, na tangu hapo hakuweza kutembea bila vyuma vya miguuni na mkono wa kuegemea. Wengi walidhani siasa yake imekwisha. Mwaka 1929 alishika ugavana wa New York.

Msomaji atatuwia radhi tukisimama kidogo katika mwaka 1932, maana bila kuujua mwaka huo sheria ya baadaye haieleweki. Askari wa Marekani waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wamepewa mwaka 1924 vyeti vya malipo ya ziada, ambavyo vingelipwa mwaka 1945. Lakini njaa haingoji cheti kiive. Wakati wa mdororo mkuu wa uchumi maelfu yao, wengine na wake na watoto, walikwenda Washington na kupiga kambi ya vibanda vya mabati na makaratasi kando ya mto Anacostia, wakidai walipwe mapema. Baraza la Seneti likakataa. Tarehe 28 Julai polisi waliwapiga risasi wawili wao wakafa, na jioni hiyo Jenerali Douglas MacArthur akawatimua kwa askari wa farasi, vifaru na moshi wa machozi. Vibanda vikateketezwa kwa moto. Kwa mwandishi aliye askari, ni jambo zito kusimulia habari za askari walioamriwa kuwafukuza askari wenzao waliowatangulia vitani. Rais Herbert Hoover alishindwa katika uchaguzi wa Novemba mwaka huo, na Roosevelt akaapishwa tarehe 4 Machi, 1933.

Asidhani mtu kwamba Roosevelt alianza kama rafiki wa askari. Mwezi huo huo wa Machi alipitisha sheria ya kubana matumizi iliyopunguza malipo ya askari wa zamani. Walipoandamana tena mwezi Mei aliwapa kambi na chakula, Bibi Eleanor akaenda kuwaamkia, na wengi wakapewa kazi za misituni. Lakini fedha hawakupewa. Bunge ndilo lililoamua mwaka 1936 walipwe, dhidi ya kura yake ya kukataa.

Katika mambo ya nyumba, kinyume chake, alikwenda mbio. Zamani Mmarekani aliyetaka kununua nyumba kwa rehani alipaswa kutanguliza karibu nusu ya bei, na mkopo wenyewe ulikuwa wa miaka michache tu, ambapo mwisho wake deni kubwa lilidaiwa kwa mkupuo. Mwaka 1933 nyumba zipatazo 1,000 zilikuwa zikinyakuliwa na wadai kila siku. Serikali ikaanzisha shirika lililochukua rehani hizo kutoka kwa mabenki na kuwagawia wenye nyumba deni lao kwa miaka 15. Likaokoa nyumba karibu milioni moja. Mwezi Juni, 1934, ikafuata sheria ya bima ya mikopo: benki ikikopesha hadi asilimia 80 ya thamani ya nyumba, kwa miaka hadi 20, serikali huikinga na hasara. Mtu akalipa kidogo kidogo kila mwezi, kama alipavyo kodi, tofauti ikiwa ni kwamba mwisho wa yote nyumba ni yake.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, kila mtu Washington alikumbuka moshi wa Anacostia. Mwezi Julai, 1943, Roosevelt alitangaza kwa redio kwamba askari warudipo wasiachwe wakauze matufaha njiani. Yeye alifikiria zaidi elimu na posho. Mikopo ya nyumba iliwekwa katika rasimu ya chama cha askari wa zamani cha American Legion, iliyoandikwa na wakili Harry Colmery. Nusura rasimu hiyo ife katika kamati ya mabaraza mawili. Kura zilikuwa sawasawa, na mjumbe John Gibson, aliyekuwa mgonjwa kwao Georgia, ilibidi asafirishwe usiku hadi Washington ili apige kura ya kuvunja mkwamo. Roosevelt alitia sahihi tarehe 22 Juni, 1944, siku 16 baada ya majeshi kushuka Normandy.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Aliyetumikia jeshi siku 90 wakati wa vita, na hakuachishwa kwa aibu, alikwenda benki mwenyewe. Serikali haikumpa fedha. Ilisimama mdhamini wa nusu ya mkopo, kwa kiasi kisichozidi dola 2,000, riba isizidi asilimia 4. Kijana asiye na akiba, ambaye mali yake yote ni mshahara na sifa njema ya utumishi, akapata mdhamini ambaye benki haiwezi kumdharau.

Roosevelt hakuyaona matunda. Alifariki ghafla huko Warm Springs, Georgia, tarehe 12 Aprili, 1945, akazikwa Hyde Park, penye nyumba aliyozaliwa. Mwezi Desemba mwaka huo dhamana iliongezwa ikawa dola 4,000 na muda ukawa miaka 25. Kufikia mwaka 1952 mikopo karibu milioni 2.4 ilikuwa imedhaminiwa. Huko Levittown, New York, mwaka 1949, askari aliweza kuingia katika nyumba ya dola 7,990 bila kutanguliza hata senti.

Lakini ni askari yupi? Sheria haikutaja rangi, ila iliwaachia mabenki uamuzi wa kumkopesha au kumnyima mwombaji, na watu weusi walifungiwa nje ya Levittown kwa maandishi ya mikataba. Katika miji 13 ya jimbo la Mississippi, uchunguzi wa mwaka 1947 ulikuta mikopo 3,229 iliyodhaminiwa chini ya sheria hiyo, ya nyumba, biashara na mashamba. Iliyokwenda kwa askari weusi ilikuwa miwili. Ubaguzi katika uuzaji na ukopeshaji wa nyumba haukupigwa marufuku na sheria ya taifa hadi mwaka 1968, ambapo wengi wa waliorudi vitani mwaka 1945 walikuwa wamekwisha kulea watoto wao katika vyumba vya kupanga.